Kwa nini kidirisha cha tarakilishi huchorwa upya, na ngeli zetu zinahusika vipi

Neno la Kiingereza paint huweza kutafsiriwa kwa vitenzi viwili vya Kiswahili, kupaka na kuchora, na watafsiri wengi wa programu za tarakilishi huchukua kimoja bila kuuliza kama ndicho. Katika makala ya leo nitalishughulikia neno hilo pamoja na jamaa zake wawili, repaint na invalidate, ambao hawakosi kutajwa mafundi wa programu wanapozungumzia madirisha. Itanibidi nieleze kwanza kinachotendeka kwenye skrini, kwa sababu istilahi haiwezi kuwa bora kuliko ufahamu wa aliyeiunda. Msomaji ambaye hajawahi kuandika programu asiwe na hofu. Hesabu iliyopo humu ni moja tu, tena ndogo.

Suala lenyewe lililetwa na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi anawaandikia wavuvi wa ufuo mmoja, si mbali na hapa Kisumu, programu ya kuweka rekodi za samaki wanaopimwa kila asubuhi. Karani anaingiza uzani, anabofya kitufe, kisha kidirisha kidogo kinachomoza na kuonyesha kilichopimwa kufikia hapo. Kwa Kiingereza mambo yalikwenda shwari. Alipokigeuza kidirisha kiwe cha Kiswahili, matatizo yakaja kwa zamu. Kwanza maneno mapya yalitokea juu ya yale ya zamani hata yasisomeke. Alipolitatua hilo, maneno yakawa yanakatwa ncha. Alipolitatua la pili kwa njia ya mkato, kidirisha kikaandika: "Kikapu 5 kimepimwa." Mama mchuuzi aliyekuwa amesimama nyuma ya karani akauliza, "Sasa hapo ni kikapu kimoja ama ni vitano?"

Swali la mama huyo si la sarufi pekee. Pesa zake zinahesabiwa kwa vikapu. Mwanafunzi akaniandikia: "Mwalimu, nikibadilisha nambari, ile sentensi ingine inabaki tu vile ilikuwa. Hii ni shida ya Kiswahili ama ya programu?" Jibu langu ni kwamba ni shida ya kutojua kidirisha huchorwaje, na inaanzia kwenye msamiati.

Tuanze na jina. Kidirisha, katika makala haya, ni lile dirisha dogo linalojitokeza juu ya jingine ili kukuuliza jambo au kukupa habari, kisha likangoja ujibu: unataka kuhifadhi? una hakika? Wapo wanaokiita kisanduku cha mazungumzo. Jina hilo si baya, ila ni refu, na kidirisha tayari limebeba udogo ndani ya kiambishi chake.

Wengi wetu hudhani kwamba dirisha la tarakilishi ni kama karatasi: ukishaandika juu yake, maandishi yanakaa. Sivyo. Kwa miaka mingi sura ya dirisha haikuhifadhiwa popote ila kwenye skrini yenyewe, na dirisha jingine likikaa juu yake, zile nukta za chini zilikuwa zimekwisha kufutika. Wakazi wa Kisumu tunalijua gugumaji. Upepo ukilisukuma hadi Dunga, maji hayaonekani na boti hazitoki. Upepo ukigeuka, maji yako pale pale yalipokuwa. Dirisha la zamani halikuwa hivyo. Ulipoliondoa lililokuwa juu, chini yake palikuwa hapana kitu, na ilibidi mtu apachore.

Ni nani huyo anayechora? Chukua mfano wa ubao wa bei kwenye ufuo wa samaki. Karani ameandika kwa chaki bei ya mbuta, ya ngege na ya omena. Mvua inanyesha na kona moja inafutika. Karani hahitaji kukumbuka kona hiyo ilikuwa na sura gani. Anafungua daftari lake, anaangalia bei, anaandika upya kona ile tu. Ubao hapa ni skrini, daftari ni data, karani ni programu, na yule kijana anayepaza sauti kwamba kona imefutika ni mfumo endeshi. Mfumo endeshi wenyewe haujui bei ya mbuta. Unachojua ni kwamba sehemu fulani ya ubao haiaminiki tena, na kazi yake ni kumjulisha mwenye daftari.

Tuendelee na karani wetu, maana mfano huu unafaa kuliko mingi niliyoisoma vitabuni. Boti zikiwa bado zinafika na watu wamejipanga mbele ya mizani, karani hawezi kuiacha mizani aukimbilie ubao. Ataandika foleni ikiisha. Na bei ya mbuta ikipanda mara tatu kabla hajaufikia ubao, hataandika bei tatu. Ataandika ya mwisho. Mfumo wa Windows hufanya vivyo hivyo. Ujumbe wa kuiambia programu ichore huja baada ya jumbe nyingine zote, zikiwemo za kipanya na za kibodi, na maeneo kadhaa yaliyoharibika huunganishwa yakawa eneo moja la kuchorwa kwa mkupuo mmoja. Ndiyo sababu fundi wa programu aliyebobea hachori wakati wowote anapojisikia. Huweka alama tu kwamba sehemu fulani inahitaji kuchorwa, kisha hungoja aitwe.

Mfano huo huo unaeleza kile ambacho vijana wetu hukiita "kuhang". Karani akiitwa ofisini akakaa huko saa nzima akifunga hesabu za mwezi, kijana atapaza sauti hadi akauke koo na ubao utabaki na kona tupu. Programu nayo ikizama kwenye kazi ndefu bila kupumzika kusikiliza jumbe, dirisha lake halichorwi. Waliozoea saibakafe za mjini mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakumbuka jinsi ulivyoweza kulikokota dirisha juu ya programu iliyokwama likaacha nakala zake kila lilipopita, mkia mrefu kama wa tiara. Zile nakala zilikuwa uchafu ambao hakuna aliyekuja kuufuta. Windows husubiri takriban sekunde 5 kabla ya kuihesabu programu kuwa haijibu, na hapo ndipo dirisha hufifia likapauka. Watu husema "imeganda", nami nakipenda kitenzi hicho. Kinaeleza vizuri mtu anachokiona, hata kama ndani ya mashine hakuna kilichoganda bali kuna karani ambaye hayuko ubaoni.

Madirisha yanayofunikana hayakuwepo tangu mwanzo, na kisa cha kuzaliwa kwake kina utamu wake. Inasimuliwa kwamba Bill Atkinson, mmoja wa waandishi wa programu wa Apple, alipoizuru maabara ya Xerox kule California mwaka 1979, alirudi akiamini ameona madirisha yaliyofunikwa nusu yakijichora upya, kila moja katika kipande chake kilichofunuliwa tu. Hakuwa ameona kitu kama hicho. Wenyeji wake hawakuwa wamekifanya. Lakini kwa kuwa aliamini kwamba kinawezekana, alikaa akakibuni, na Macintosh ya mwaka 1984 ikatoka nacho. Windows ya kwanza, ya mwaka 1985, iliogopa kazi hiyo. Madirisha ya programu yalipangwa kando kwa kando kama vigae, na vidirisha ndivyo vilivyoruhusiwa kupanda juu ya mengine. Nadhani ni haki kusema kwamba kidirisha ndicho mtoto mtundu wa familia hii.

Sasa turudi kwenye maneno. Paint ni kupaka au ni kuchora?

Kupaka ni kukitandaza kitu juu ya uso wa kingine: tunapaka mafuta, tunapaka rangi, tunapaka siagi kwenye mkate. Kuchora ni kutia alama zenye umbo: mistari, herufi, picha. Ukienda Dunga ukamkuta fundi akitengeneza mashua mpya, utaziona kazi hizi mbili zikifuatana. Kwanza anaupaka ubavu wote rangi, tuseme buluu. Ikishakauka, anachora juu yake jina la mashua na nakshi anazozipenda mwenyewe. Hakuna mvuvi atakayekwambia kwamba jina la mashua yake limepakwa.

Kidirisha hufuata utaratibu uo huo. Mfumo endeshi kwanza huiomba programu ifute usuli, yaani ijaze eneo lote kwa rangi ya nyuma, na chombo cha kufanyia hivyo mafundi wenyewe hukiita brashi. Huko ni kupaka. Kisha ndipo huja ujumbe wa pili wa kuchora yaliyomo: herufi, fremu, alama za tiki. Huko ni kuchora. Kiingereza kimeyaweka yote mawili chini ya neno moja, ilhali Kiswahili kina maneno mawili yanayotenganisha hatua mbili ambazo ni tofauti kweli. Tusiitupe bahati hiyo kwa kuiga umaskini wa jirani. Napendekeza basi: kupaka usuli kwa hatua ya kwanza, kuchora kwa ya pili, na kuchora kuwa jina la kazi nzima pale ambapo hatuna haja ya kutofautisha.

Tofauti hiyo inatibu moja kwa moja tatizo la kwanza la mwanafunzi wangu. Alikuwa ameweka picha ya ziwa nyuma ya kidirisha, na ili ionekane, akaifanya lebo ya sentensi kuwa angavu, yaani isiyopakwa usuli wowote. Kila mara sentensi ilipobadilika, programu ilichora bila kupaka. Ni sawa na kuandika jina jipya la mashua juu ya jina la zamani bila kupitisha rangi katikati. Dawa ilikuwa kulirudisha kwanza lile eneo la picha lililo chini ya lebo, ndipo sentensi mpya ichorwe.

Mtu akiyajua hayo mawili, ataelewa pia kwa nini vidirisha vingine hutatiza macho kwa kuwaka na kuzima haraka haraka. Baina ya kupaka na kuchora kuna muda mfupi mno ambapo eneo ni tupu, na jicho huuona utupu ule. Nimewahi kusoma tafsiri inayokuita huko kumeta. Hapana. Nyota humeta, dhahabu humeta, nako ni kuzuri. Hiki ni kupepesa, kama jicho lililoingiwa na vumbi. Mafundi hukiondoa kwa kuchora pembeni, kwenye kipande cha kumbukumbu kisichoonekana, kisha wanalinakili eneo zima skrini kwa mara moja. Fundi wa jua kali wa Kibuye hufanya hivyo akitengeneza kibao cha duka: anakimaliza karakanani, na wewe unakiona siku kinapopigwa misumari, kikiwa kamili.

Kuhusu repaint, tuna "kuchora tena", "kurudia kuchora" na "kuchora upya". Tena huhesabu mara. Upya husema kwamba kazi imeanzwa kutoka chanzo chake. Kwa kuwa dirisha halinakiliwi kutoka sura yake ya jana bali hutungwa kutoka kwenye data ya sasa, kuchora upya ndiyo istilahi sahihi.

Kigumu ni invalidate. Hili ndilo tendo la kuweka alama kwamba sehemu fulani ya dirisha haiaminiki tena. Kamusi yoyote itakupa kubatilisha, na watafsiri wamelichukua hivyo hivyo. Nina pingamizi mbili, moja dhaifu na moja nzito. Ile dhaifu ni kwamba batili ni neno la sheria na dini: ndoa batili, mkataba batili. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na hapa Kisumu hakuna aliyehitaji kamusi siku hiyo. Kubatilisha ni kutamka kwamba kitu hakina nguvu. Najua msomaji mwerevu atanijibu kwamba uchaguzi ule ulibatilishwa ili urudiwe, kama vile eneo la dirisha linavyobatilishwa ili lichorwe upya. Jibu zuri, nami nalikubali nusu. Ndiyo maana nimeiita pingamizi hiyo dhaifu.

Pingamizi nzito ni hii. Kidirisha karibu kila kimoja kina kitufe ambacho kwa Kiingereza huandikwa Cancel. Programu nyingine zimekitafsiri kuwa Ghairi, nyingine Katisha, na si haba zinazoandika Batilisha. Sasa fikiria mwongozo wa Kiswahili unaomfundisha kijana wa chuo cha ufundi kwamba "ukibofya Batilisha, kidirisha hujifunga bila kubadili chochote", na ukurasa wa pili unamwambia "ukibatilisha kidirisha, hujichora upya chote". Tendo la kwanza huacha mambo yalivyokuwa, la pili huamuru kazi. Atakayemwelewa mwalimu huyo ni nani?

Waingereza na Wamarekani wenyewe hawajakubaliana kuhusu sitiari hii. Wa Windows husema eneo limekuwa batili. Mfumo wa X ulioanzishwa MIT mwaka 1984 husema eneo limefunuliwa. Wengine husema limeharibika, na waandishi wa michezo ya tarakilishi husema ni chafu. Kwa hivyo hakuna lugha takatifu ya kuheshimiwa hapa, na sisi tuna uhuru wa kuchagua. Nilifikiria kupitwa, kwa maana ya kupitwa na wakati: sura iliyo kwenye skrini imepitwa na data. Maana yake ni sahihi kabisa, ila kitenzi hicho hakinyumbuki tunavyotaka, kwani ukitafuta kauli ya kutendesha unaangukia kupitisha, na kupitisha mswada ni habari nyingine. Kuchakaa hakina kasoro hiyo. Eneo huchakaa lenyewe linapofunikwa na kufunuliwa. Programu hulichakaza inapobadilisha data. Na eneo lenyewe ni chakavu mpaka lichorwe. Kutenda, kutendesha na kivumishi, vyote vimo katika familia moja ambayo kila Mswahili anaijua kutokana na nguo zake.

Mtu anaweza kuuliza kama mjadala huu haujapitwa na wakati, tukitumia neno lile. Tangu Mac OS X ya mwaka 2001 na Windows Vista ya mwaka 2007, kila dirisha hutunziwa sura yake kamili kwenye kumbukumbu, na mfumo huzipanga sura hizo juu ya nyingine kabla ya kuzionyesha. Hali sasa imekuwa kama ya gugumaji: ukiliondoa dirisha la juu, la chini liko pale pale, na programu aghalabu haisumbuliwi kulichora. Ni kweli. Lakini hilo limeondoa sababu moja tu ya kuchora upya, ile ya kufunikwa. Data ikibadilika, sura iliyotunzwa inakuwa sura ya uwongo, na hakuna atakayejua hivyo isipokuwa mwenye daftari.

Hapo ndipo ngeli zinapoingia. Lakini kabla yazo, nilimalize suala la maneno kukatwa.

Kidirisha si kitu kimoja. Ni kama boma lenye nyumba kadhaa, ambapo mwenye boma hufagia uwanja na kila mwenye nyumba husiriba yake. Kitufe ni dirisha dogo linalojichora lenyewe, lebo vivyo hivyo, na kisanduku cha kuandikia vivyo hivyo. Na sheria ya boma hilo ni kali: hakuna anayeruhusiwa kuchora nje ya mpaka wake. Neno likiwa refu kuliko nyumba yake, huchorwa lote, lakini kinachovuka mpaka hakionyeshwi. Kwa hiyo anayeona "Rejesha mipangilio ya aw" asidhani mashine imechoka.

Vipimo vya vidirisha vya Windows hutegemea herufi zenyewe: kizio kimoja cha upana ni robo ya upana wa herufi ya wastani. Kitufe cha kawaida kimependekezwa kiwe na upana wa vizio 50. Gawanya kwa 4, unapata nafasi ya herufi 12 na nusu, na hujaacha ukingo. "Cancel" ina herufi 6, na "Ghairi" pia 6. Ukichagua "Batilisha" ni 9. "Save" ina 4, "Hifadhi" 7, na "Hifadhi kama" tayari imefika 12. Wapo wanaotoa hitimisho la haraka kwamba Kiswahili ni lugha ndefu isiyofaa vidirisha. Wahesabu vizuri. "Don't Save" pamoja na alama na nafasi ni 10, na "Usihifadhi" ni 10 kamili, kwa sababu ukanushi wetu umo ndani ya kitenzi. Kinachorefuka ni taarifa za jambo lililokwisha kutendeka: "Saved" ni herufi 5, "Kimehifadhiwa" ni 13. Fundi mwangalifu huipima sentensi kwanza, kisha ndipo huamua upana wa lebo. Fundi mvivu huuacha upana ulioachwa na Kiingereza.

Mwanafunzi wangu hakuwa mvivu, ila alikuwa na haraka. Ili sentensi isikatwe, aliigawa vipande vitatu: lebo ya "Kikapu", lebo ya nambari, na lebo ya "kimepimwa". Kisha akaamuru kwamba data ikibadilika, lebo ya nambari pekee ichakazwe. Hivyo ndivyo alivyokuwa amefanya kwa Kiingereza, ambako aliandika "Baskets weighed" na nambari mbele yake, na hapo panapobadilika ni nambari tu.

Nikubali kwamba angeweza kuandika "Vikapu vilivyopimwa: 5" na mambo yakaisha. Kwa fomu ya kawaida ningemshauri hivyo. Lakini karani huisoma sentensi ile kwa sauti ili wachuuzi wasikie, na watu hawasomeani fomu. Tena programu ile inampa karani nafasi ya kuchagua chombo, kwa kuwa omena hawaletwi kwa chombo kile kile kinacholeta mbuta. Basi tazama kinachotokea. Kikapu 1 kimepimwa. Vikapu 5 vimepimwa. Karai 1 limepimwa. Makarai 5 yamepimwa. Ndoo 1 imepimwa. Ndoo 5 zimepimwa. Samaki 1 amepimwa. Samaki 5 wamepimwa. Katika mifano miwili ya kwanza nomino na kitenzi vyote hubadilika. Katika miwili ya mwisho nomino imetulia, na kinachobadilika ni kiambishi kidogo mbele ya kitenzi, upande wa pili wa nambari, mahali ambapo fundi aliyezoea Kiingereza hatazami kamwe.

Kwa lugha ya kuchora, tuseme hivi: nambari inapobadilika katika sentensi ya Kiswahili, eneo chakavu haliishii kwenye nambari. Upatanisho wa kisarufi umelieneza hadi mwisho wa kitenzi. Ukichora upya tarakimu pekee, umebaki na sentensi ambayo nusu yake ni ya sasa na nusu ni ya dakika 10 zilizopita, na mchuuzi anayeisikia hajui aamini nusu ipi.

Watu wa kwingine hupenda kutucheka sisi wa kandokando ya ziwa kwamba ngeli hatuzijali, eti kila kitu kwetu ni "hii" na "ile". Mama yule, ambaye lugha yake ya kwanza ni Dholuo, aliisikia "ki-" ikigongana na 5 kabla ya karani na kabla ya fundi. Kiambishi kwake kilikuwa ushahidi wa idadi, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, nao ushahidi huo ulipingana na tarakimu.

Wenye kutunza kanuni za lugha kwa ajili ya programu wanalijua jambo hili kwa sehemu. Hazina ya Unicode iitwayo CLDR imekiwekea Kiswahili makundi mawili ya idadi: moja, na nyinginezo. Hiyo humwezesha fundi kuandaa sentensi mbili kwa kila taarifa. Lakini haimwambii kwamba karai ni la LI-YA na ndoo ni ya I-ZI. Hilo lazima liandikwe na mtu anayejua. Na tabu ni kwamba mtafsiri wa programu kwa kawaida haonyeshwi kidirisha. Hupewa orodha ndefu ya vijineno: "kikapu" mstari wa 212, "kimepimwa" mstari wa 340. Wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioshirikiana na Waswidi kuitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 walituonyesha kwamba programu kubwa ya ofisi inaweza kuzungumza Kiswahili. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, ikakifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo vidirisha vya huduma kwa raia vitaongezeka, vikiwemo vinavyohesabu pesa zao. Sioni ni kwa nini mtafsiri aendelee kupewa vipande. Apewe sentensi nzima, aonyeshwe mahali inapokaa, na aambiwe ni kipi kitabadilika.

Nilimshauri mwanafunzi aziondoe lebo tatu, arudishe moja pana, atunge sentensi nzima kwa kila chombo katika umoja na katika wingi, na aichakaze lebo yote kila idadi inapobadilika. Kwa tarakilishi ya leo, gharama ya kuchora maneno matatu badala ya tarakimu moja haionekani. Alinijibu siku ya pili akiuliza kuhusu sifuri, swali ambalo sikulitarajia kwa mtu wa sayansi. CLDR huihesabu sifuri katika "nyinginezo", na programu yake ilikuwa ikiandika "Vikapu 0 vimepimwa". Hakuna karani atakayesema hivyo mbele ya watu. Mswahili hukanusha: "Hakuna kikapu kilichopimwa." Basi kila chombo kinahitaji sentensi tatu, na lebo ipimwe kwa hii ya tatu, kwa kuwa ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo ya kwanza kuchorwa kila alfajiri, kabla boti halijafika.